Tawi la Kajiado Lifutwe

Mugure alifundisha Kiswahili katika shule ya upili kwa miaka mingi, na hata alipoiacha chaki, chaki haikumwacha. Muuza mawe mmoja kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, alipaka kibao chake upya mara mbili kwa sababu yake: mara ya kwanza ili "mchanga ya mto" iwe "mchanga wa mto," na mara ya pili kwa kuwa ile "wa" aliipaka kwa hasira, ikatoka kubwa kuliko mchanga wenyewe. Mumewe, Maina, alimwita Bi Ngeli, lakini akiwa chumba kingine tu.

Kilichomtoa darasani ni koo. Sauti ilikuwa ikikatika katikati ya kipindi, na daktari akamwambia wazi kwamba achague kati ya kupiga kelele na kuongea. Alikaa nyumbani muhula mzima akisahihisha maandishi ya pakiti za unga, hadi siku moja akapigiwa simu na Gakuru, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye insha zake alikuwa akizikumbuka kama mtu anavyokumbuka ajali.

"Mwalimu," Gakuru akasema, "nimefungua kampuni. Sasa ni zamu yako uniandikie insha."

Kampuni iliitwa Inkishu Zetu. Inkishu ni ng'ombe kwa Kimaasai, na kazi ya kampuni ilikuwa kuwatumia wafugaji ujumbe kwa simu: chanjo inatolewa wapi, josho gani lina maji, soko la Kajiado lina wanunuzi au lina vumbi peke yake. Makao yalikuwa Kitengela, orofa ya pili, juu ya duka la mabati. Kulikuwa na ofisi nyingine Kiserian, na nyingine Kajiado, karibu na soko la mifugo. Hiyo ya Kajiado iliongozwa na mzee Ledama, aliyestaafu kazi ya idara ya mifugo akakataa kustaafu kabisa, pamoja na Lorna, binti mwenye vidole vyepesi aliyeandika ujumbe kwa Kimaasai na kwa Kiswahili.

Sasa kulikuwa na shida. Ofisi zote tatu ziliandika ujumbe wao katika faili moja, na siku moja Kiserian walifuta maneno ya Kajiado bila kujua, ikawa wafugaji wa Kajiado wameitwa kuleta mbuzi josho la Kiserian. Kuna waliokwenda. Walipofika waliuliza maswali ambayo Gakuru hakutaka yarudiwe mbele yake. Akaamua kwamba tangu siku hiyo maneno yote yatunzwe mle mle ambamo mafundi wake walitunza programu zao: kila ofisi itaandika pembeni, katika nakala yake, na kazi ikishakubaliwa itaingizwa kwenye kazi kuu. Kilichobaki ni mtu wa kuandika mwongozo kwa Kiswahili, ili hata mzee Ledama aufuate bila kupiga simu.

Fundi mkuu alikuwa Ndeti, mwanamke mwerevu sana asiyependa kuulizwa jambo mara mbili, na ambaye kwa bahati mbaya sasa alikuwa amekalishwa karibu na mwalimu.

"Hii nakala ya pembeni mnaiita branch," Mugure alisema siku ya kwanza, kalamu mkononi. "Branch ni nini?"

"Branch ni branch, Mwalimu."

"Hilo ni jibu la mtoto ambaye hakusoma."

Ndeti akashusha pumzi, akasogeza kiti. "Sawa. Kuna branch iko kwa kompyuta yangu. Halafu kuna branch iko kwa seva, ile kompyuta kubwa ya wote. Halafu kuna ile branch ya seva iko kwa kompyuta yangu."

"Ngoja. Iko kwenye seva au iko kwenye kompyuta yako?"

"Iko kwa seva. Lakini pia iko kwangu. Si yenyewe yenyewe. Ni vile ilikuwa."

"Vile ilikuwa lini?"

"Vile nilikuwa nimeiona mara ya mwisho."

"Na hiyo ya tatu inaitwaje?"

"Branch."

Mugure alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama Ndeti kama alivyokuwa akiwatazama watahini wa wilaya. Alipofungua maelezo ya Kiingereza ambayo mafundi wenyewe huyatumia, akakuta hayana nafuu: ukurasa mmoja unataja neno hilo moja kwa vitu vitatu, halafu unakutahadharisha usivichanganye. Akajisemea kwamba haya ndiyo hutokea lugha ikikosa ngeli, akaanza kazi.

Alifanya kazi ile kwa bidii na kwa raha zaidi ya kazi yoyote tangu aache shule. Branch akaiita tawi. Kazi kuu akaiita shina. Kuna alama ambayo huonyesha mtu anaandikia nakala gani kwa wakati ule, na mafundi huiita head. Naye akaiita kichwa. Alipenda jinsi maneno yalivyokaa pamoja, shina na matawi yake, kama shairi. Na kwa kuwa kila ofisi ilikuwa na nakala yake, na Ndeti alikuwa amezipa zile nakala majina ya miji, mambo yakawa mepesi kabisa: tawi la Kiserian, tawi la Kajiado. Hapo hakuona ubaya wowote. Mtu akiwa amezama katika sarufi haoni ubaya.

Jioni moja alimsomea Maina sehemu aliyoipenda zaidi. Maina alisikiliza hadi mwisho, kikombe cha chai kikiwa hewani.

"Nzuri sana," akasema. "Ni ya kanisa?"

"Ni ya kompyuta."

"Aa." Akanywa chai. "Inasikitisha kidogo."

Mugure akaona ni sifa. Kesho yake, kwa kufikiria neno hilo la kusikitisha, akaongeza faraja kidogo mahali palipohitaji. Sehemu ile ikatoka hivi:

"Kichwa huonyesha tawi ulilopo. Kichwa chaweza kuhamishwa kutoka tawi moja hadi jingine wakati wowote. Kichwa kikitengana na tawi, kazi yote kitakayofanya baada ya hapo yaweza kupotea. Tawi la Kajiado likishaunganishwa na shina, lifutwe. Usisikitike, kwani kazi yake yote imehifadhiwa."

Gakuru hakuusoma mwongozo. Aliuona ni mrefu, akaona una vichwa vya habari, akaridhika. Akautuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi zote na kuandika chini yake: "Someni vizuri, mtekeleze kufikia mwisho wa wiki."

Kiserian walijibu kwa vidole gumba, maana yake hawakusoma. Kajiado walinyamaza. Baadaye, mchana, Lorna aliuliza swali moja tu.

"Na fenicha?"

Gakuru alikuwa amewaahidi viti vipya tangu zamani, na alidhani anakumbushwa. "Lori inakuja," akaandika. "Msijali." Kisha akaongeza picha ya ua.

Wiki ikapita bila neno kutoka Kajiado. Watu wa Kitengela wakasema aisee, mwongozo wa Mwalimu umefanya kazi, hakuna hata anayeuliza. Mugure alitembea kama anayepaa. Hata alianza kufikiria mwongozo wa pili.

Siku ya soko, mfugaji mmoja aitwaye Lesiamon akapiga simu ofisi ya Kitengela. Mugure ndiye aliyeipokea.

"Poleni sana," Lesiamon akasema.

"Tumeshapoa. Kwa nini?"

"Kwa hii maneno ya Kajiado. Mimi nasema tu poleni. Ofisi ilikuwa mzuri." Akakata.

Haukupita muda, picha ikaingia kwenye simu ya Gakuru bila maelezo. Kibao cha Inkishu Zetu, kile chenye ng'ombe mwekundu, kilikuwa kimelazwa chali nyuma ya pikapu, kimefungwa kamba kando ya friji ambamo mzee Ledama aliwawekea wafugaji dawa za mifugo. Gakuru akampigia mzee Ledama pale pale, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mzee, kuna nini huko?"

Kulikuwa na kelele za watu, na kama wimbo. "Sisi tumepokea," Ledama akasema kwa upole. "Hatuko na kinyongo na mtu. Mwambie Mwalimu ameandika vizuri." Na simu ikakatika.

Wote wakamgeukia Mugure.

"Ameandika nini?" Ndeti akauliza.

"Alichoambiwa," Mugure akajibu. Gakuru akampa ufunguo wa gari la kampuni na dereva wake, akasema aende sasa hivi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mkutano na kwa sababu, kama alivyosema, insha ni ya mwenye kuiandika.

Alichokikuta Kajiado hakikuwa ofisi. Kulikuwa na hema jeupe, viti vya plastiki, na kina mama wa kanisa wakiwa na sare zao. Mbuzi alikuwa ameshachomwa na sehemu kubwa yake ilikuwa imeshaliwa. Mzee Ledama alikuwa amevaa suti ya kijivu na shuka nyekundu begani, ameketi mbele kama bwana harusi ambaye bibi harusi amechelewa. Kando yake alikaa mkewe, Naisenya, mwenye uso wa mtu aliyepokea habari njema na ameombwa asicheke.

"Mwalimu! Takwenya," Ledama akamsalimu akisimama.

"Iko," Mugure akaitika.

"Umekuja kuchukua funguo?"

Kabla hajajibu, mchungaji wa kanisa, Elphas, alishamshika mkono na kumpeleka meza ya mbele. Mugure akaangalia suti, akaangalia keki, akaangalia sanduku jipya la safari lililofungwa utepe, na hapo akafikiri ameelewa: mzee anastaafu, na watu wamesahau kuwaambia Kitengela. Akajiona mjinga kwa kuogopa njia nzima. Kwa hiyo mchungaji alipotangaza kwamba mwakilishi wa makao makuu atasema machache, alisimama kwa furaha, akatumia sauti ile iliyobaki.

"Kwa niaba ya Inkishu Zetu," akasema, "tunamshukuru mzee Ledama. Kila lenye mwanzo lina mwisho. Kitengela tutaendelea pale alipoachia. Nenda ukapumzike, Mzee."

Watu walipiga makofi polepole. Lorna akaanza kulia. Mugure akaketi akiona amesema vizuri, ingawa alishangaa binti wa watu kulia vile kwa ajili ya mzee kustaafu.

Ndipo Ledama akasimama, akavaa miwani, akatoa karatasi mfukoni.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," akasema. "Nitasoma tu vile tuliandikiwa, watu wajue hatukufukuzwa kama wezi, tulifukuzwa kwa adabu." Akakohoa. "Kichwa chaweza kuhamishwa kutoka tawi moja hadi jingine wakati wowote. Hapo nilijua ni mimi naambiwa. Mimi ndio kichwa hapa. Nikasema sawa, kama ni Kiserian nitaenda. Lakini ikasema, kichwa kikitengana na tawi, kazi yote yaweza kupotea. Nikaona huyu mtu anajua kazi yangu, ananionea huruma. Halafu ikasema..." Akavua miwani, akampa mchungaji karatasi.

Mchungaji Elphas alikuwa na sauti ya kusomea nyaraka za mitume. "Tawi la Kajiado likishaunganishwa na shina, lifutwe!" Akatua. "Usisikitike. Kwani kazi yake yote imehifadhiwa."

"Amina," kina mama wakasema.

Mugure alilisikia kila neno lake likipita juu ya vichwa vya watu waliovaa vizuri, moja baada ya jingine, na hakukuwa na kosa hata moja. Viambishi vyote vilikuwa mahali pake. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ngojeni!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Si ofisi! Tawi si ofisi!"

Watu wakatazamana. Lorna akafuta macho. "Lakini Mwalimu, kwa kibao imeandikwa 'Tawi la Kajiado.' Hicho kibao kiko kwa pikapu. Ni wewe ulisema kiandikwe hivyo. Kilikuwa kimeandikwa branchi."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amekisahihisha wiki yake ya kwanza kazini.

"Hilo ni tawi lingine," Mugure akasema, akasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka. "Kuna tawi la ofisi, na kuna tawi la maandishi. La maandishi ndilo linafutwa. Sikilizeni. Chukueni mfano wa ng'ombe."

Watu wakakaa sawasawa. Kuhusu ng'ombe, walikuwa tayari kusikiliza.

"Mtu ana ng'ombe wake. Anawagawa makundi mawili, moja lilishwe huku, lingine kule. Baadaye anawaunganisha. Je, lile kundi la pili limekufa?"

"Hapana," wakasema.

"Basi ndiyo hivyo."

"Hapana, ngoja," mzee Ledama akasema. "Ukisema nakala, ni kama ng'ombe yule yule ako huku na ako kule."

"Ndiyo. Hapo mwanzo wote wako pande zote mbili."

"Ng'ombe mmoja, pahali mbili?"

"Kwa... kwa namna fulani."

"Huyo si ng'ombe," Lesiamon, aliyekuwa nyuma na mfupa mkononi, akasema. "Huyo ni wa mtu mwingine ako na alama kama yako. Hiyo ndio huleta vita."

Ubishi ukaanza, wengine wakisema ng'ombe wa namna hiyo apelekwe kwa chifu, wengine wakitaka kujua nani atakunywa maziwa. Mugure akaona ameharibu mfano kama alivyoharibu ofisi. Akachukua simu, akampigia Ndeti, akanong'ona, "Nisaidie. Niambie tena ile ya tatu." Ndeti akaanza, "Ni branch, lakini..." Mugure akakata simu.

Basi kabla hajaishusha simu yake, simu ya Ledama ikalia. Aliyepiga alikuwa kijana anayemchungia ng'ombe, kule mbali upande wa Namanga. Ledama akaweka simu sikioni, akauliza wako wapi, akaambiwa, akaitika, akakata. Naisenya akamwuliza kwa jicho.

"Wako karibu na bwawa," Ledama akasema.

"Wako, ama walikuwa?" Naisenya akauliza. "Pale bwawani mtandao haushiki. Huenda wameshatoka."

"Walikuwa. Sasa sijui. Mpaka nipige tena."

Mugure aligeuka kama aliyeitwa kwa jina. "Mzee! Hapo hapo! Wewe uko na ng'ombe wenyewe kule. Na uko na habari ya mwisho, hapa kichwani. Hivyo ni vitu viwili?"

"Ni vitu viwili kabisa. Nikiuza kwa habari, nitafungwa."

"Na ukitaka habari mpya?"

"Napiga simu."

"Basi ile ya seva ndiyo ng'ombe wa kule. Ile ya kompyuta ya Lorna yenye jina kama hilo ni habari ya mwisho. Akitaka mpya, anaita. Tulikuwa tunaziita zote tawi." Alikuwa anacheka sasa, koo likikwaruza. "Sisi ndio wajinga. Tuliita ng'ombe, na habari ya ng'ombe, na ofisi ya ng'ombe, jina moja."

Lorna ndiye aliyeshika kwanza. "Na yangu ya kuandikia? Ile naandika ujumbe wa chanjo kabla haijakubaliwa?"

"Hiyo inataka jina lake," Mugure akasema, na hapo mwalimu aliye ndani yake akaamka kabisa, akasahau hema na keki. "Barabara ya Namanga ikitengenezwa, magari hutolewa lami yakapita kando, vumbini, halafu mbele yakarudi. Ile njia ya kando inaitwaje?"

"Daivasheni!" watu wakajibu.

Hilo hangeliacha lipite, hata kama hema lingeshika moto. "Kwa Kiswahili," akasema kwa sauti ya darasa, "ni mchepuko."

Kisha mama mmoja wa kanisa akatoa sauti kama ya sufuria inayochemka, mwenzake akajifunika leso usoni, na mara hema lote likalipuka. Katika kamusi ya Mugure neno hilo lilitoka kwa kuchepuka, kuiacha njia. Lakini huku lilikuwa limevuka mpaka wa Namanga pamoja na redio za Tanzania, na lilikuwa na kazi moja tu: mpenzi wa kando.

"Mzee wangu ako na mchepuko?" Naisenya akauliza, mikono kiunoni.

"Ofisi yote iko na moja," Lorna akasema akilia tena, safari hii kwa kicheko. "Unaitwa Kajiado."

"Na Kiserian wako na yao?"

"Wako na yao."

Mchungaji Elphas alijaribu kukunja uso ikashindikana. "Na mwongozo, Mwalimu, unasema mchepuko ufanywe nini?"

Mugure alikuwa amekwisha kuelewa kosa lake, na uso ulikuwa ukimwaka moto, lakini sentensi ilikuwa sahihi na hakuweza kuibadilisha. "Ukikamilika, urudishwe barabara kuu," akasema. "Kisha ufutwe."

"Amina!" wakaitika, hata wanaume.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa mara mbili. Kinachofutwa ni jina la njia ya kando. Maneno ya chanjo yalikwisha kufika kwenye lami. Ofisi hakuna aliyeigusa. Vijana wakafungua kamba, kibao kikashushwa, friji ikarudishwa ndani dawa zikiwa bado baridi. Mzee Ledama peke yake alibaki ameketi, karatasi gotini.

"Mwalimu," akasema. "Kwa hivyo hata hiyo kichwa si mimi."

"Si wewe, Mzee. Kichwa ni alama tu, kuonyesha mtu yuko kwa nakala gani."

Akatikisa kichwa polepole. Alionekana amepata ofisi na kupoteza kitu. "Nilikuwa nimefikiri kuna mtu Kitengela amekaa chini akanifikiria mimi. Kwamba nikitoka, kazi itapotea."

Mugure akavuta kiti karibu naye. "Itapotea," akasema. "Sikuandika kukuhusu wewe, lakini itapotea."

Mzee akacheka kidogo, akakunja karatasi. "Leo nimesikia mambo mazuri," akasema. "Lesiamon amesema niliokoa ndama wake. Miaka hiyo yote hakuwahi kusema. Si vibaya kusikia maneno yako ya msiba ukiwa na meno ya kula nyama."

Hakuna aliyebaki na kinyongo ila Naisenya. Alimfuata Mugure hadi mlangoni mwa gari.

"Wewe mama," akasema, "nilikuwa nimeshampangia huyu mzee kazi. Boma inaanguka. Sasa umemrudisha ofisi." Akamwekea mkononi kipande cha keki kilichofungwa karatasi, kwa nguvu, kama anayerudisha shati lililochomwa na pasi. Sanduku la safari kina mama walijadiliana wakaamua libaki, kwa kuwa mtu ambaye hakuenda popote bado anaweza kwenda siku moja.

Mugure aliuandika mwongozo upya. Ofisi ikawa ofisi. Kichwa kikawa "ulipo sasa." Ile nakala ya seva iliyo kwenye kompyuta ya mtu ikawa "habari ya mwisho," na Ndeti alipoisoma akasema kwamba ameitumia miaka yote na hii ndiyo mara ya kwanza kuielewa. Kuhusu ile njia ya kando, Mugure alijaribu maneno mengine yote. Alijaribu kijia, akajaribu mkondo, akajaribu nakala ya muda. Hayakushika. Kajiado walikuwa wameshaanza kuandika mchepuko kila mahali, na Kiserian, ambao hawakuwahi kusoma mwongozo wowote, waliusoma huu hadi mwisho na kuuliza kama kuna mwingine. Akasalimu amri.

Hata hivyo, wiki iliyofuata, asubuhi, simu ya Mugure ililia akiwa anavaa viatu. Alikuwa Cate, mke wa Gakuru, mwanamke mpole ambaye huimba kwaya.

"Mwalimu, samahani kukusumbua," Cate akasema, na upole ule ulikuwa umekazwa kama kamba ya hema. "Gakuru yuko bafuni. Ujumbe umeingia kwa simu yake kutoka kwa mtu anaitwa Ndeti. Nikusomee? 'Boss, mchepuko wako wa Kiserian bado uko. Ufute leo. Ule wa Kajiado nimeshakufutia mimi.'"

Mugure akakaa kitandani na kiatu kimoja.

"Anasema wewe ndiye ulimfundisha," Cate akaendelea. "Anapiga kelele huko bafuni, 'Uliza Mwalimu! Uliza Mwalimu!' Sasa nauliza."

Maina, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake, aliona uso wa mkewe, akavuta stuli akaketi, asipitwe na neno.

"Cate, mama," Mugure akasema, akasafisha koo. "Unaijua barabara ya Namanga?"